Mkono Uliogoma Kuinuka

"Bwana harusi mtarajiwa, mlishe mwenzio keki, ukumbi ushuhudie!" MC alitangaza.

Raheli alishafumba macho na kufungua mdomo. Akasubiri. Vigelegele vikapanda, keki haikuja. Akafumbua jicho moja. Filipo ameshika kipande chake, mkono umeganda usawa wa kiuno, jasho linamtiririka.

"Filipo, nilishe," alinong'ona huku akiichekea kamera.

"Siwezi."

Vigelegele vikakatika. Kwenye meza ya mbele, shangazi Tereza aliyetoka Buigiri kwa ajili ya sendofu hiyo ya kumuaga Raheli akainuka.

"Anakataa kumlisha binti yetu mbele za watu? Huyu kabadili mawazo!"

Raheli alimvuta Filipo hadi nyuma ya ukumbi, gauni likifagia vumbi la mtaa wa Kikuyu.

"Kama hunitaki, sema sasa hivi!"

"Nakutaka, Raheli. Mikono ndiyo haitaki. Tangu jana hainyanyuki."

"Imefanyaje?"

"Mazoezi. Jasho Kwanza."

Raheli aliwajua hao. Kundi la alfajiri kule Nzuguni, muziki juu, kocha Nikodemo na filimbi yake. Mzoefu na aliyeanza juzi wanapewa zoezi lile lile, na anayesimama kupumua anazomewa.

"Si ungeacha ulipochoka?"

"Kocha aliuliza, bwana harusi akishuka kwenye bomba la kujivuta mbele ya wanawake, ndoa ataiweza? Wakacheka wote. Nikaendelea kujivuta mpaka vidole vikaachia vyenyewe."

Simu ikatetema mfukoni mwa Filipo. Raheli akamtolea, akasoma:

*Bwana harusi, kesho usikose. Maumivu ni uvivu unatoka mwilini. Kocha Niko.*

"Kuna kingine unanificha. Macho yako nayajua."

Filipo akainamisha kichwa.

"Mkojo. Tangu asubuhi unatoka mweusi kama soda ya kola. Kocha anasema ni sumu inatoka, nisiogope."

"Shangazi!" Raheli alipiga kelele. "Leteni gari!"

Hospitalini, daktari hakupamba maneno.

"Misuli imeumia vibaya, na taka zake zimeingia kwenye figo."

"Atapona, daktari?"

"Tumemwekea dripu. Tusubiri figo ziitike. Kwa sasa siwezi kukuahidi."

Raheli alikaa na gauni lake la sendofu, akiukodolea macho mfuko wa mkojo kando ya kitanda. Alimwomba Mungu rangi ibadilike, basi, mengine atajua mwenyewe. Akachukua simu ya Filipo, akamjibu kocha:

*Amelazwa, figo zinasumbua. Hao wengine wakichoka, waache wapumzike.*

Jibu halikuja. Filipo aliondolewa tu kwenye kundi lao la mtandaoni.

Siku ya tatu mkojo ukaanza kusafika. Daktari akatabasamu, Raheli akalia kwa sauti.

Shangazi Tereza akaingia na kipande cha keki.

"Shikamoo, shangazi," Filipo alimsalimia.

"Marahaba, mwanangu. Unisamehe mdomo wangu."

Filipo akamgeukia Raheli.

"Nilitaka suti initoshe siku yetu."

"Suti fundi anaipanua, Filipo. Wewe ningekupata wapi tena?"

Akamwekea keki kwenye vidole. Mkono ukapanda kidogo, ukatetemeka, ukakwama. Raheli akamshika kiwiko, akauinua mkono taratibu mpaka keki ikafika mdomoni mwake mwenyewe Raheli.

Shangazi akapiga kigelegele, wodi nzima ikageuka.

"Mama, huku kuna wagonjwa!" nesi alifoka.

"Najua," shangazi akajibu akijifuta machozi. "Mmojawapo ni mkwe wangu."