Picha Iliyosafishwa

Foleni ya picha za pasipoti ilikuwa imefika mlangoni. Fundi cherehani alikaa kwenye kigoda, mtandio wa zambarau umemkaba mpaka kidevuni na joto lote lile.

"Vua mtandio, dada. Shingo na kidevu vionekane," mpiga picha akamwambia.

"Lazima?"

"Sheria si yangu. Ingekuwa yangu, ningedai ucheke tu."

Akacheka, akajisahau, akavua. Taa ikamulika.

Bahasha ya picha hakuifungua. Sura yake huwa haitazami. Alichotunza ni namba ya mpiga picha, na wiki mbili nzima simu haikupoa.

"Umekula, asali wa moyo?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Basi Jumapili tuonane, nikutazame vizuri."

Hapo akanywea. Kila alfajiri alishika kibano na kioo, akang'oa ndevu. Ndiyo, ndevu! Jioni vidole vinazikuta zimerudi. Na ule weusi wa shingoni, kausugua kwa dodoki hadi kachubuka.

Kwenye ofisi ya pasipoti, karani akafungua bahasha.

"Huyu nani?"

"Mimi."

"Mbona hana hata chunusi moja? Huyu si wewe. Kapige nyingine."

Akaitazama. Kidevu laini kama yai, shingo inang'aa. Kumbe aliona! Aliona, akachukia, akafuta. Simu ikalia siku nne, hakupokea.

Siku ya tano akaenda studio.

"Kwa nini ulinifuta?"

"Maharusi wote nawasafisha hivyo pichani. Nilidhani nakupa zawadi." Mpiga picha akainamisha kichwa. "Nimekosa, mpenzi. Sikukuuliza."

Taratibu akavua mtandio.

"Kitendawili."

"Tega."

"Shamba langu nalipalilia alfajiri, jioni limeota."

"Ndevu zangu," mpiga picha akajibu, akipapasa kidevu chake.

"Zangu." Akajishika kidevu. "Daktari kasema homoni za kiume zimenizidi. Si uchafu, si kurogwa, na dawa ipo. Ila hedhi hunipotea hata miezi mitatu, na mtoto... huenda akachelewa."

Feni ikazunguka, ikazunguka. Mpiga picha akamtazama kidevu, akamtazama shingo, akaishia machoni; wala hakuharakisha.

"Basi tuoane upesi, tuanze kumsubiri mapema."

"Usinifanyie mzaha, wee!"

"Mzaha? Siku nne chakula hakipiti!" Akainua kamera. "Haya, cheka."

"Pasipoti hawataki kucheka."

"Hii si ya pasipoti. Hii ya ukutani kwetu, na sifuti kitu."