Kifurushi cha Mama Vahwere

Kila Jumamosi Abigaël alifagia ua, akateka maji, kisha akaosha vyombo. Jumamosi hii kazi zote alizifanya mbio mbio. Wiki iliyofuata yeye na mama yake, Jeanine, wangeondoka Bunia kwenda Cotonou, nchini Benin, kwenye harusi ya Wivine, dada yake Abigaël. Chanjo ya homa ya manjano walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Yalibaki mabegi.

Mama alikuwa ametoa sharti. "Kila mutu atajibia begi yake. Asiyejua kilicho ndani atabaki kwa shangazi."

Mama alipokuwa sokoni, jirani yao Mama Vahwere aliingia na kifurushi kilichoshonwa kwa gunia.

"Mutoto yangu, hii ni sombe kavu ya kijana wangu Osée. Si anasoma kule kule Cotonou? Weye umupelekee."

"Mama hayuko..."

"Aa! Kumbe mutu akisikia harufu ya ndege, anasahau majirani?"

Huko Bunia msafiri hakosi mizigo ya watu, na kuikataa ni kama kumtukana aliyeileta. Abigaël alikipokea, akakisukuma chini ya nguo zake. Kufika jioni, begi lilinuka moshi. Sombe, yaani majani ya muhogo, hukaushwa juani, si kwa moshi. Alilijua hilo, akanyamaza, kwa kuwa kusema kungeweza kumkosesha safari.

"Begi yako iko sawa?" Mama aliuliza.

"Iko sawa, Mama."

Wakaketi kula. Mwishowe Abigaël akaweka kijiko chini. "Mama, nimekudanganya. Kuna kifurushi cha Mama Vahwere. Sijui ndani iko nini."

Mama hakufoka. Alimwita jirani, akampa wembe. "Dada, ufungue mwenyewe."

"Munaniona mwizi?" Mama Vahwere alinung'unika, lakini alikata uzi. Juu palikuwa na sombe. Chini yake palikuwa na paja la nyani lililokaushwa kwa moshi.

"Ni nyama kidogo tu! Kule mutoto anakula samaki ya barafu kila siku!"

"Dada, umesahau Ebola? Nyama ya porini inaweza kubeba ugonjwa. Tena wakiikuta kwenye uwanja wa ndege, watashika siye, hawatashika weye."

Mama Vahwere aliinamisha kichwa. "Nilitaka tu ale kitu ya nyumbani. Munisamehe."

Aliichukua nyama yake, nao wakanawa mikono kwa sabuni. Asubuhi alirudi na kahawa ya Mahagi iliyokaangwa ya kumpelekea Osée, mfuko wazi. "Muchungulie! Muonje hata!" Wote wakacheka.

Jirani alipoondoka, Abigaël aliuliza kwa sauti ndogo, "Nitabaki kwa shangazi?"

"Ungenyamaza, ungebaki," Mama alijibu. "Kubebea jirani muzigo ni wema. Kubeba usichokijua ni uzembe, na kukificha ni uongo. Weye ulikosea mara mbili, lakini ukasema kweli wakati bado inasaidia. Ukweli unaosemwa baada ya kukamatwa hauokoi mutu."