Vua Kofia, Tuombe

"Vua kofia, kijana. Tunataka kuomba."

Bi Ofelia alishafumba macho, mikono ameikunja mbele ya sahani ya mbavu za ng'ombe. Wade hakuvua. Aliishusha kofia yake mpaka karibu na nyusi, akainamisha kichwa.

Araceli alimkanyaga mguu chini ya meza. Fort Worth nzima, mji huu wa wachunga ng'ombe wa Texas, hata mlevi anajua kwamba mbele ya chakula na mbele ya Mungu kofia hukaa mapajani. Na siku yenyewe ndiyo hii! Walimleta Bi Ofelia, mama yake, kwenye mtaa wa zamani wa mnada wa mifugo ale, ashibe, atazame ng'ombe wa pembe ndefu wakiswagwa barabarani, kisha Wade atoe posa.

"Wade, mama anakusubiri," alinong'ona.

"Naomba mnisamehe leo."

Mama alifumbua macho. "Asiyemheshimu Mungu atamheshimu mwanangu?"

Akachukua mkoba wake, akatoka.

Araceli naye alitoka, uso unamwaka kwa aibu. Kiangazi chote Wade alidai yuko Amarillo anachunga ng'ombe wa watu. Akiombwa picha, mtandao mbovu. Shoga zake walimwambia huko kuna mwanamke, naye akawabishia mpaka wakamchoka. Sasa mtu karudi na kiburi ambacho hakwenda nacho.

Wade alimfuata nje, katikati ya watu waliojipanga kungoja ng'ombe.

"Nitajie jina lake," Araceli alisema. "Huyo wa Amarillo."

"Sikwenda Amarillo."

"Ulikuwa wapi?"

Wade alivua kofia.

Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umenyolewa, nywele ndiyo kwanza zinachipua, na mshono mwekundu umepanda kutoka sikioni hadi utosini. Akaeleza kwamba ulikuwa uvimbe kwenye ubongo. Alipasuliwa Dallas, wakautoa wote, na daktari alishamhakikishia si saratani. Siku zote hizo alikuwa kwa dada yake, anauguzwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeweza kutoka chumba cha upasuaji bubu, Araceli, au nisitoke kabisa. Sikutaka uolewe nami kwa huruma."

Araceli alilia, na hasira ilizidi huruma.

"Nililia kiangazi kizima nikihofia nimeachwa. Bora ningelia nimekushika mkono. Ukinificha tena maumivu yako, hapo ndipo tutaachana kweli."

"Sitakuficha tena."

Ng'ombe walipita na pembe zao, watoto wakashangilia. Wale wawili hawakuona hata mkia.

Bi Ofelia alikuwa pembeni, amesikia yote. Alikuja akamshika Wade kidevu, akamgeuza kichwa huku na huku kama anayenunua ndama.

"Walitibu vizuri, lakini kushona hawajui," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi. "Haya, ulikuwa na neno la kuniambia. Liseme."

Wade aliposa palepale barabarani. Bi Ofelia akakubali kabla hajamaliza.

Wade, kwa furaha yake, akaanza kupanga: harusi iwe mwakani, nywele zikishaota zote, watu wasije wakacheka picha.

"Mwezi ujao," Araceli alisema, akimfuta vumbi shavuni. "Nywele zitatukuta nyumbani kwetu."