Mahali Anapojificha Gumbo

Kila siku akitoka shule, Kezia Tolliver alitupa begi jikoni, na kabla hajagusa hata kipande cha mkate, alimtoa Gumbo nje akojoe. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa tangu majira ya baridi, Gumbo alipookotwa kwenye kituo cha mafuta, mbavu nje nje. Mama alikubali mbwa abaki kwa sharti kwamba Kezia ndiye atakayemlisha, kumtembeza na kumwogesha, tena amwogeshe uani kwa mpira wa maji. Manyoya ya mbwa bafuni mwake hakutaka kuyaona.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka msimu wa radi ulipoanza. Kule Tifton, kusini mwa jimbo la Georgia, ikifika Mei mawingu hujikusanya mchana na kunguruma hadi madirisha yatetemeke. Siku ya kwanza Gumbo aliposikia mngurumo, alikimbia moja kwa moja bafuni, akaruka ndani ya beseni kubwa la kuogea na kujikunyata chini ya bomba. Kezia alimvuta, wapi! Alimbembeleza kwa kipande cha soseji, wapi! Mwishowe akamwacha, akaketi naye hadi mbingu zikatulia.

Ikawa desturi. Radi ikianza, Gumbo yumo besenini. Radi ikiisha, Kezia anafuta manyoya, anafungua dirisha harufu itoke, na Mama akirudi kutoka kazini anakuta bafu linang'aa. Baba alikuwa dereva wa lori, naye mchana hakuwepo. Basi ikabaki siri ya wawili, na mmoja wao ana mkia.

Shule zilipofungwa, familia ilijiandaa kwenda Orlando, Florida, kwenye bustani kubwa ya michezo ya kupanda na kubembea. Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Aliyekuwa na hamu kuliko wote ni Quincy, mdogo wake Kezia. Mwaka jana, kwenye maonyesho ya wilaya, alikatazwa kupanda treni ya angani, ile inayopanda juu na kuporomoka kwa kasi, kwa sababu alikuwa mfupi, na tangu hapo kila asubuhi alijipima kwenye fremu ya mlango.

Tatizo lilikuwa Gumbo. Bibi, ambaye angekaa naye, alikuwa ametoka kupasuliwa goti, na hoteli waliyopanga haikupokea mbwa. Baba akapata nafasi kwa Bi. Darlene Hatchett, mama mmoja aliyekuwa na nyumba ya kulaza mbwa karibu na ile bustani.

Walipofika kwake asubuhi, Mama na Quincy walibaki garini. Mbele ya Kezia na Baba alisimama bwana mmoja na mbwa mkubwa mweupe. Bi. Darlene akamwuliza kama mbwa wake anaogopa radi. Yule bwana akasema anaogopa mno. Bi. Darlene akatikisa kichwa: mbwa wa namna hiyo aliwaweka chumba cha ndani, na chumba kilikuwa kimejaa. Akamwelekeza mahali pengine, mwendo wa saa nzima. Bwana akaondoka na mbwa wake.

Kezia aliyaona yote hayo. Bi. Darlene alipowageukia, Baba alicheka akasema, "Muulize huyu. Mwenye mbwa ni yeye, mimi ni dereva tu."

"Haya, mwanangu. Anaogopa radi?"

Kezia aligeuka kutazama gari. Alimwona Quincy kupitia dirishani, amevaa kofia ya bustani hata kabla ya kufika bustanini.

"Hapana, mama," akasema. "Haogopi chochote."

Bi. Darlene akampeleka Gumbo kwenye vizimba vya nje, vyenye paa na feni. Gumbo aligeuka kumtazama Kezia mara moja, kisha akafuata. Kezia alijiambia kwamba huenda mvua isinyeshe.

Florida, Juni, mvua isinyeshe! Mtoto alikuwa anajidanganya mwenyewe.

Asubuhi hiyo bustanini walicheka, wakalowana kwenye boti, wakala kuku na mahindi. Alasiri walikuwa kwenye foleni ya treni ya angani. Quincy alikuwa amepimwa na kuruhusiwa, na mbele yao walibaki watu wachache, mbingu ziliponguruma. Treni ikasimamishwa, na watu wote wakaambiwa waingie chini ya paa. Quincy akanuna. Kezia akajifanya hamnazo. Labda feni zinafunika kelele, alijisemea. Labda amelala.

Simu ya Baba ikalia; alikuwa Bi. Darlene. Kezia aliuona uso wa Baba ukibadilika. Gumbo alikuwa amekwangua komeo la kizimba mpaka likang'oka. Wakati huohuo lango la nyuma lilikuwa limeachwa wazi, kwa sababu magunia ya chakula yalikuwa yakiingizwa. Hayupo. Bi. Darlene na mfanyakazi wake walikuwa wanamtafuta kandokando ya barabara kuu, ambako malori hupita mbio.

Baba akainamisha simu. "Kezia, wewe ndiye unayemjua. Akiogopa anakimbilia wapi?"

Mama alikuwa amesimama hapohapo, karibu kabisa. Kezia angeweza kusema hajui. Nani angejua? Lakini radi ilipiga tena, naye akawaza kuwa kuna watu wanatembea kwenye mvua ile wakimwita mbwa mahali ambapo hayupo, kwa sababu yake. Akapiga moyo konde.

"Hayuko barabarani, Baba. Radi ikipiga hakimbilii nje. Anatafuta beseni la kuogea. Nyumbani huingia la Mama. Nilimdanganya Bi. Darlene, anaogopa sana." Machozi yakamtoka. "Waambie warudi ndani."

 Baba akafungua spika ya simu, akayarudia maneno yale. Bi. Darlene akasema kuna chumba cha kuogeshea mbwa nyuma ya stoo, ila hakuna aliyefikiria kutazama humo. Wakasubiri. Kezia alimshika Mama mkono, na Mama hakuuondoa.

"Yumo," ikasema sauti ya Bi. Darlene. "Amejibana chini ya bomba kama nguo chafu."

Mvua ilipopungua walikwenda wote, na Quincy hakupanda treni yake siku hiyo. Gumbo alikuwa amefungwa bandeji mguuni, kwani ukucha mmoja ulikuwa umeng'oka. Mlangoni alisimama mfanyakazi, mzee Hollis, viatu vyake vimejaa maji, mikono imechanwa na miiba. Kezia alimwomba radhi yeye kwanza. Mzee akasema bora mbwa mzima, lakini hakutabasamu.

Bi. Darlene alimketisha Kezia kwenye benchi.

"Ulifikiri nauliza ili nipate sababu ya kukufukuza?"

"Ndiyo, mama."

"Nauliza kwa sababu wewe utakuwa mbali, na mbwa hawezi kunieleza. Ukinificha ukweli, unaniachia mbwa nisiyemjua. Leo ungesema hujui, tungetafuta barabarani mpaka giza. Umekosea asubuhi, alasiri umesema kweli hata kama ilikuumiza. Shika hiyo ya alasiri."

Chumba cha ndani bado kilikuwa kimejaa. Bi. Darlene alisema Gumbo anaweza kukaa chumba cha kuogeshea endapo mchana, radi zinapopiga, kutakuwa na mtu wa kuketi naye. Kabla Baba hajasema neno, Kezia alisema atakaa yeye, siku yote ya kesho.

Njiani kuelekea hotelini Mama aliketi mbele na Baba. Akamgeukia Kezia. "Kumbe ndiyo maana kila nikioga natoka na manyoya mgongoni. Mimi nilidhani nazeeka, nywele zinaning'oka." Baba alicheka mpaka akapunguza mwendo. Mama hakucheka. Alisema wakirudi Tifton, bafu ni la Kezia kulisugua hadi shule zifunguliwe, na siku nyingine aambiwe ukweli mapema.

Kesho yake Quincy alipanda treni asubuhi, akapiga mayowe hadi sauti ikakauka. Alasiri mbingu zilinguruma kama kawaida. Gumbo aliingia besenini, kwa Bi. Darlene, na Kezia akaketi ukingoni, mkono juu ya shingo yake, mlango wazi.

Akasikia mteja mpya akiingia, mwanamke mwenye kijibwa kwapani. Bi. Darlene akamwuliza swali lake la radi. Mwanamke akasita, akatazama huku na huku.

"Mwambie tu ukweli, mama," Kezia alisema kutoka ndani. "Wa kwangu yumo humu besenini."

Mwanamke akachungulia, akamwona Gumbo anavyotetemeka. "Wangu naye anaogopa," akasema. "Sana."

"Haya," Bi. Darlene akajibu, akichukua simu kumtafutia mahali penye nafasi. "Sasa naweza kumsaidia."