Joto Lazima Liende Mahali

Jua lilikuwa limeshazama Mchoraji alipotoka kumnunulia mwanawe dawa ya homa. Siku ya nne hiyo. Binti yake wa miaka sita, waliyemwita Bibi kwa kuwa alibeba jina la mama yake Mchoraji, alilala akiwaka kama jiko, na zahanati ilimpima mara mbili isione kitu.

Lakini hata kwa homa ile, Mchoraji alikuwa na furaha ya siri moyoni. Kompyuta yake ilikuwa inakimbia.

Alichora katuni za matangazo. Miezi minne mizima alikuwa akiikimbiza prosesa, ubongo wa kompyuta, kupita kipimo ilichotengenezewa, imalize kwa nusu siku kazi ya siku nzima, na kila mara ubao mama, ule unaobeba prosesa na viungo vyote vya kompyuta, ulimwangusha. Wa kwanza uliungua. Wa pili uliwasha taa, ukagoma kuamka. Wa tatu ulizima kazi ikiwa katikati, na mteja akaondoka na neno: "Wewe ni fundi wa visingizio." Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ndipo akaukuta ubao wa nne, wa mtumba, kwa Mama Nyaya, mama mtu mzima aliyeuza vifaa vya umeme vilivyotumika. Jioni hii, akitoka duka la dawa, alimkuta akifunga.

"Mama, ubao wako ni kiboko. Naikimbiza kompyuta karibu mara mbili, na joto haipati. Boksi lake baridi, linatoa jasho kama chupa ya soda."

Mkono wa Mama Nyaya uliganda kwenye kufuli.

"Dawa hiyo ya nani?"

"Ya binti yangu. Homa tu."

"Imeanza lini?"

Mchoraji akahesabu. Siku ileile aliyoufunga ule ubao.

"Ubao ule ulikuwa wa kaka yangu," Mama Nyaya alisema kwa sauti ndogo. "Naye alipenda kasi. Akaupeleka kwa mtu, ukarudi umefungwa uzi mweusi kwa chini. Tukamzika mkewe... kisha mwanawe. Wote homa. Joto halipotei, mwanangu. Lazima liende mahali."

"Na ukaniuzia."

"Nilikukatalia mara mbili. Uliomba mwenyewe." Hakumtazama. "Nami nilitaka ubao ule utoke kwangu."

Alifika nyumbani anahema. Akampa mkewe dawa, akaingia chumba cha kazi.

Baridi. Na harufu... kama nywele zilizoungua.

Kwenye kioo cha kompyuta, tangazo la mteja mpya lilikuwa likikamilika. Lilitakiwa saa mbili kamili. Saa ilionyesha mbili kasoro robo. Kompyuta ilihitaji dakika kumi na moja tu kulimaliza.

Mambo ya wazee, alijiambia. Ila kuutuliza moyo, aliirudisha prosesa kwenye kipimo chake cha kawaida.

Feni zikapunguza mwendo. Chumba kikaanza kupata joto.

Halafu sauti ya mkewe ikapenya ukutani. "Baba Bibi... njoo uone. Anatoa jasho. Homa inashuka."

Nywele zilimsimama. Alitazama kioo. Sasa zilihitajika dakika ishirini.

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi ya ukutani. Azime, yaishe. Lakini ule mwiba ukamchoma kooni. Fundi wa visingizio.

Dakika kumi na moja tu.

Akairudisha kasi.

Kwanza alisikia mguno. Kisha visigino vya mtoto vikipiga ubao wa kitanda.

Ta. Ta. Ta.

"Baba Bibi, njoo."

"Nakuja," alijibu, na hakuinuka. Alitazama asilimia ya kazi. Tisini na nne... tisini na saba... Upande wa pili mkewe hakuita tena, alikuwa akilia tu.

Kazi ikakamilika. Akaituma. Ndipo akachomoa waya.

Kimya.

Bibi hakufa. Homa ilimtoka palepale, ikaondoka na masikio yake. "Joto lilipanda sana kwa muda mfupi," daktari alisema. "Lingewahiwa kidogo tu, pengine."

Kesho yake Mchoraji aliufungua ule ubao. Chini yake hapakuwa na uzi wowote. Aliubeba hadi kwa Mama Nyaya. Duka lilikuwa tupu, hata rafu zimeng'olewa. Akauacha mlangoni. Alipofika kona aligeuka... haukuwepo, na mtaani hapakuwa na mtu.

Mteja alilipenda tangazo, akampa kazi nyingine, na nyingine tena. Mchoraji alinunua ubao mpya dukani, hajaukimbiza hata kidogo. Lakini kila anapowasha kompyuta, Bibi, ambaye hasikii hata mlango ukibamizwa, huziba masikio kwa viganja vyake na kumtazama baba yake. Hatazami pengine.

Mkewe hajui. Yeye anajilaumu mwenyewe.

"Ningemkanda mapema," husema akitandika kitanda cha mtoto. "Maji yalikuwepo pale pale. Ningemkanda mapema, baba."

"Hukujua," Mchoraji humjibu. "Nani angejua?"