Ubao wa Mama

Kila asubuhi, kabla ya chai, mama alikaa mbele ya ubao. Mwanawe aliuegemeza juu ya kiti cha sebuleni, akaandika maswali kwa chaki. Leo ni siku gani? Una wajukuu wangapi? Mimi ni nani?

Mwana huyo alikuwa mwalimu. Wanafunzi wake walimwita Wembe, na hata nyumbani hakuwa butu. Mama alikuwa ameshona nguo kwa miaka arobaini. Sasa alikuwa anasahau. Yalianza kupotea majina ya wateja, ikafuata njia ya kurudi kutoka dukani. Wembe alijua dawa moja tu ya kusahau: kurudia somo. Jibu likikosekana, chai ilisubiri.

"Leo siku gani, mama?"

"Kama mwalimu mzima hujui, mimi fundi nitajua wapi?"

Mkewe alicheka jikoni. Wembe hakucheka. Alifuta ubao, akaandika upya, akauliza kwa sauti kubwa zaidi.

Miezi miwili ikapita. Mama alikonda. Akaanza kujifungia bafuni asubuhi. Siku moja alijikojolea mbele ya ubao, akabaki amekaa vivyo hivyo, macho kayakaza, analitafuta jina la mwanawe. Mke alimwambia mumewe kwamba inatosha. Wembe akajibu kwamba akiacha, mama atampotea kabisa. Hilo ndilo lililomtesa: siku ambayo mama atamtazama asimjue.

Hospitalini kulikuwa na daktari aliyekuwa akichunguza ubongo wa wazee na jinsi wanavyokumbuka. Wembe akampeleka mama. Daktari alimsomea maneno kumi polepole, akangoja kidogo, kisha akamwomba ayataje. Wembe alisimama nyuma ya kiti, mikono kaikunja kifuani. Mama alitaja mawili, akageuka kumwangalia mwanawe usoni. La tatu halikuja.

Daktari akamwomba Wembe atoke. Alimpa mama maji, wakaongea habari za vitambaa hadi mabega yakamlegea. Kisha akamsomea maneno mengine kumi. Mama alikumbuka matano.

Wembe aliporudi, alioneshwa karatasi zote mbili.

"Nani alimsaidia?" aliuliza.

"Hakuna. Wewe ulitoka."

Wembe akazilinganisha karatasi tena.

"Mama ana ugonjwa wa ubongo," daktari alisema. "Si uvivu, wala si uzee tu. Dawa ya kuuponya sina, sitakudanganya. Lakini mtu akiogopa, mwili humwaga kemikali za kumwandaa kukimbia. Hapo hata alichokuwa anakijua hakipati. Hofu ya kila siku huuchosha hata ubongo wa kijana, sembuse huu."

"Mimi nilikuwa namfundisha."

"Ulikuwa unampima, kaka. Kumpima ni kazi yangu, na mimi nitampima mara mbili tu kwa mwaka."

Kisha akamweleza la kufanya. Asimuulize mama, amwambie: mama, ni mimi mwanao, nimekuja. Akikosea, asibishane naye. Mama alale vizuri, atembee, apimwe shinikizo la damu, akae na watu. Na apewe kazi ambayo mikono yake bado inaijua.

Wembe aliketi kwenye ngazi za hospitali. Alijiuliza ni maneno mangapi aliyoyafukuza yeye mwenyewe kwa ukali wake.

Ubao ulirudi shuleni. Cherehani ilitolewa stoo. Mama alitembea kila asubuhi na mkwewe, na baada ya wiki chache akaanza kula na kulala. Bafuni hakujificha tena. Lakini ugonjwa haukurudi nyuma. Mwaka ulipoisha, jina la mwanawe lilikuwa limekwenda.

Jumamosi moja mchana walikaa wawili, Wembe akishona pindo la pazia. Mama alimgonga kidoleni.

"Mishono yako mikubwa kama ya gunia."

Wembe akacheka. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni.

"Kijana, una mama?"

Wembe aliishusha sindano. Lile aliloliogopa lilikuwa limefika, na mama alikuwa anatabasamu.

"Ninaye."

"Mbona huendi kukaa naye?"

"Nimekaa naye," alisema. Akaufumua mshono, akaanza upya.