Taya la Bibi

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, Jesse wa darasa la sita. Nakubali mapema, kabla hamjanicheka.

Kila jioni Bibi Elisifa alipanda kutoka tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Jioni ile aliutua mlangoni, akakaa juu yake, akashika taya. Alisema linamuuma kila akipanda mlima, akipumzika linaacha. Tena ana kichefuchefu, na uchovu hauishi. Nikamletea karafuu aing'ate.

"Bibi, jino gani hilo linalojua kupanda mlima?" nikamtania.

Alicheka kidogo tu. Magego ya upande ule yaling'olewa kabla sijazaliwa, na bado sikushtuka. Babu Aminieli naye alisema ni uchovu wa majani, anywe mtori wa ndizi alale.

Bahati nzuri jirani yetu, nesi Flavia, alikuja kuchukua maziwa. Alimwuliza Bibi maswali machache, kisha akatafuta gari wampeleke hospitali mjini Moshi saa ile ile.

Alilazwa. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Nilikwenda kukamua, ng'ombe akapiga ndoo teke kama anayeuliza mwenye mikono yuko wapi. Chai ya Babu haikuwa na ladha ya chai. Nikitoka shule nilisimama mwisho wa kihamba, shamba letu la nyumbani, migomba inapoachana, nikatazama mabati ya Moshi yakimetameta kule chini, nikikisia ni lipi linalomfunika. Nilitamani hata anikaripie kwa kutonawa miguu.

Alirudi amekonda, ana dawa za kumeza kila siku. Nesi Flavia alituketisha, akaeleza kwamba mshipa unaopeleka damu kwenye moyo ulikuwa umeanza kuziba. Wanawake nao huumwa kifua, lakini mara nyingi kuliko wanaume huja na dalili nyingine: taya, mgongo, kichefuchefu, uchovu.

"Ndiyo maana huchelewa kutibiwa," alisema. "Ukiziona, Jesse, usitanie. Mwambie mkubwa, mgonjwa apelekwe hospitali."

Niliinama. Babu hakukubali. Alisema tangu zamani moyo ni ugonjwa wa wanaume. Baba yake na kaka yake walikufa wameshika kifua, na mwanamke wa hivyo hajamwona hata mmoja.

Bibi aliweka kikombe chini.

"Kwani mzee, miaka yote hii nimeishi na wewe kwa moyo wa kuazima?"